Sura ya Nne: Kadi Ninayo, Dawa Sina

"Kwa nini nina bima, na bado naambiwa nikanunue dawa nje?"

Katika maswali yote ninayoulizwa kuhusu afya, hili ndilo linalorudi mara nyingi zaidi. Nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye daladala, na kuna siku nililiuliza mimi mwenyewe.

Siku hiyo nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya presha, katika hospitali moja ya serikali. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukakuta mabenchi yamejaa. Kadi yake ya bima alikuwa ameifunga kwenye leso, na leso ameiweka ndani ya pochi. Saa nne alimwona daktari, kijana mpole aliyemsikiliza vizuri na kumwandikia dawa tatu. Foleni ya dirisha la dawa ikatushika hadi saa sita. Mfamasia alitazama kompyuta, akageukia rafu, akarudi na boksi moja.

"Mama, hii ipo. Hizi mbili hazipo, utazipata duka la nje."

"Mwanangu, mimi nina bima."

"Najua, mama. Bima unayo. Dawa ndiyo haipo."

Duka la dawa ng'ambo ya barabara lilikuwa nazo zote mbili. Shangazi alinunua vidonge vya siku kumi badala ya thelathini, kwa kuwa pesa aliyokuwa nayo iliishia hapo.

Wengi wakitoka dirishani hivyo humlaumu mfamasia, au daktari, au "hawa watu wa bima". Sura hii inakuomba usubiri kidogo kabla ya kulaumu. Tutaifuata pesa kuanzia mfukoni mwa mtu mzima wa afya hadi kwenye rafu ya dawa, tuone inakwama wapi na nani anaumia inapokwama.

Tulikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi, na matibabu katika vituo vya serikali yakawa bure. Mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali binafsi za kibiashara. Zile za mashirika ya dini zikaruhusiwa kuendelea. Wazo lilikuwa jema: afya isiuzwe kama sukari.

Lakini neno "bure" halikumaanisha kwamba hakuna aliyelipa. Serikali ndiyo iliyolipa, kutokana na kodi. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya sabini na katika miaka ya themanini, hazina ikapungukiwa, na dawa zikaadimika. Mgonjwa hakutozwa kitu, na mara nyingi hakupata kitu. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa *uchangiaji*, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama anapotibiwa. Baadhi ya makundi yalipewa msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, na wenye maradhi kama kifua kikuu.

Uchangiaji ulileta mapato, lakini ulileta pia jambo ambalo wataalamu huliita *gharama za mfukoni*: fedha ambazo mtu hutoa mwenyewe siku anayougua. Ubaya wake unaonekana ukimtazama mama lishe. Akiwa mzima anapika, anauza, anapata. Akilala na homa, jiko limezimika na wateja wamekwenda kwingine. Siku anayotakiwa kulipa zaidi ndiyo siku ambayo hajaingiza hata shilingi. Kwa hiyo anakopa, au anauza kitu cha nyumbani, au anasubiri hadi ugonjwa ukomae. Na ugonjwa uliokomaa hutibiwa kwa gharama kubwa kuliko ule uliowahiwa.

Ndipo bima ilipokuja. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, unaofahamika kwa kifupi CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma.

Bima ni upatu wa maradhi

Mtu aliyewahi kucheza upatu anaielewa bima nusu yake. Katika upatu, kila mwanachama hutoa kiasi kilekile na kila mmoja hupokea zamu yake ikifika. Katika bima zamu haipangwi, maradhi ndiyo huipanga. Ukikaa mwaka mzima bila kuugua, mchango wako unamtibu mwenzako. Ukiugua wewe, ya wenzako inakutibu.

Chukua mtaa wa kaya 100. Tuseme matibabu ya mtaa mzima kwa mwaka yanagharimu shilingi 2,500,000. Kila kaya ikichanga 30,000, zinapatikana 3,000,000. Wagonjwa wote wanatibiwa na akiba inabaki.

Sasa tuseme kujiunga ni hiari. Wazima wanasema, "Sisi hatuumwi, tutajiunga tukiumwa." Zinajiunga kaya 20 tu: yenye mgonjwa wa kisukari, yenye mjamzito, yenye mzee wa presha. Zinachanga 600,000. Lakini hizo ndizo kaya zenye maradhi, na matibabu yao yanafika 2,000,000. Mweka hazina ana pengo la 1,400,000. Akipandisha mchango, wale walio na maradhi madogo wanajitoa, na pengo linakua.

Hesabu hiyo nimeibuni, lakini jambo lenyewe limetokea. Toto Afya Kadi ilimwezesha mzazi kumkatia mtoto bima ya NHIF kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi waliwaandikisha watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa, na mfuko ukajikuta unatumia mara kadhaa ya fedha ulizokusanya. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, watoto wakaelekezwa kujiunga kwa makundi kupitia shule. Mzazi yeyote mwenye mtoto mgonjwa angefanya kama wale wazazi walivyofanya. Kosa lilikuwa katika mpango uliomruhusu mtu kungoja augue kwanza.

*Kwa ufupi: bima husimama kwa michango ya wazima. Ikibaki na wagonjwa peke yao, huanguka, hata ikiendeshwa na malaika.*

Nani anachanga kiasi gani

Shangazi yangu anatibiwa kama mtegemezi wa mwanawe, ambaye ni mwalimu. Kwa mtumishi wa umma, mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi: 3 anakatwa yeye, 3 analipa mwajiri. Mwalimu mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 24,000 kila mwezi, na mwajiri anaongeza 24,000. Kwa mwaka jumla ni 576,000. Fedha hizo zinamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne.

Upande wa pili yuko mkulima mwenye CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018. Kaya ya watu hadi sita ililipa 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Gawanya kwa sita: 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima, yaani chini ya shilingi 14 kwa siku. Hata serikali ikiongezea, kiasi hicho hakiwezi kubeba upasuaji mkubwa na vipimo vya gharama. Ndiyo maana kadi mbili zinazofanana kwa ukubwa hufungua milango tofauti hospitalini. Kabla hujajiunga, uliza mlango wako unaishia wapi.

Shilingi inasafiri, dawa inangoja

Turudi dirishani. Hospitali ya umma haipelekewi dawa kwa sababu wagonjwa wake wana kadi. Hununua, sehemu kubwa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, na hununua kwa fedha za bajeti pamoja na mapato yake yenyewe, yakiwemo yale ya bima. Njia yenyewe ni hii:

1. Mwalimu anakatwa mshahara, na mchango unaingia kwenye mfuko.
2. Shangazi anatibiwa leo kwa kadi, bila kutoa fedha.
3. Hospitali inaandaa *madai*, yaani hati inayosema: tumemhudumia mwanachama huyu, kwa ugonjwa huu, kwa vipimo na dawa hizi, tulipeni.
4. Mfuko unakagua madai. Ukikuta kasoro, unakata sehemu au unakataa yote.
5. Mfuko unailipa hospitali.
6. Hospitali inalipa deni la dawa na kuagiza nyingine.

Kati ya hatua ya pili na ya sita zinapita wiki, wakati mwingine miezi. Hospitali yenye akiba huvumilia. Isiyo na akiba inaendelea kugawa dawa leo huku fedha ya kununua za kesho haijafika. Rafu inapungua. Inaanza kukosekana dawa ya bei kubwa, kisha ile inayotumiwa na wengi, kama ya presha. Mfamasia yule hakumnyima shangazi. Dawa ya mwezi uliopita ilikuwa haijalipiwa, ndiyo maana ya mwezi ule haikuwepo.

Kasoro za madai nazo si jambo dogo. Sahihi ya mgonjwa ikikosekana, jina la ugonjwa lisipoendana na dawa, au kipimo kikiandikwa bila maelezo, fedha inakatwa ingawa dawa ilikwisha kunywewa. Hasara hiyo inabaki hospitalini, na kesho inatokea dirishani.

Kitita: bei ikikosewa, kila mtu anaumia

*Kitita* ni orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko umekubali kulipia, pamoja na bei ya kila moja. Daktari anaweza kujua dawa bora duniani. Ikiwa haimo kwenye kitita, mgonjwa atailipia mwenyewe.

Kupanga bei hizo ni kazi ngumu. Ikiwa juu mno, fedha za wanachama zinateketea. Ikiwa chini mno, hospitali inatibu kwa hasara. Tuseme kipimo kinaigharimu hospitali shilingi 7,000, na kitita kinalipa 5,000. Mmiliki ana njia nne. Anaweza kuacha kutoa kipimo hicho, au kumdai mgonjwa nyongeza, au kufidia kwa kuongeza vipimo vingine vyenye faida, au kuacha kabisa kupokea kadi. Katika zote nne, mgonjwa ndiye anayelipa, kwa fedha au kwa kuhangaika.

Mvutano huo ulionekana wazi tarehe 1 Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya badala ya kile cha mwaka 2016. Mfuko ulieleza kuwa bei mpya zimezingatia hali ya soko. Wamiliki wa hospitali binafsi wakasema baadhi ya bei ziko chini ya gharama zao. Hospitali kadhaa kubwa binafsi jijini Dar es Salaam zikasitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko, na wagonjwa wakaanza kutafuta mahali pengine pa kwenda na kadi zao. Baadaye huduma zilirejea. Lakini mwenye mgonjwa kitandani siku ile alijifunza somo chungu: wakubwa wawili wakibishana bei, mgonjwa hana kiti kwenye kikao.

Daktari amesimama katikati

Tumezoea kumwona daktari kama mtu aliyeshiba. Wapo walioshiba. Lakini nimezungumza na madaktari wa kutosha kujua kwamba wengi wao wanabanwa katika mambo matatu.

*La kwanza ni kalamu.* Daktari anapoandika dawa, anamfikiria mgonjwa, na papo hapo anafikiria kitita. Anajiuliza kama dawa hii imo, kama kituo cha ngazi yake kinaruhusiwa kuitoa, na kama madai yatapita. Dakika alizopaswa kumtazama mgonjwa usoni anazimaliza kwenye fomu na kompyuta.

*La pili ni kishawishi.* Mfuko ukilipa kwa kila huduma iliyotolewa, anayefanya vipimo vingi hulipwa zaidi kuliko anayefanya vichache. Daktari mwaminifu hashawishiki, lakini mpango haumsaidii kubaki mwaminifu. Pengine umewahi kwenda na mafua ukatumwa vipimo vinne mara tu kadi ilipoonekana. Njia nyingine ni kulipa kiasi maalumu kwa kila mwanachama kwa mwaka, aumwe asiumwe. Hapo kituo kinafaidika watu wakiwa wazima. Lakini njia hii ina hatari yake pia: kituo kinaweza kumnyima mgonjwa huduma ili kibakize fedha. Kwa hiyo njia yoyote inahitaji ukaguzi wa haki.

*La tatu ni mshahara.* Daktari mwenye kliniki ndogo ana wauguzi wa kulipa kila mwisho wa mwezi, iwe mfuko umelipa au la. Fedha ikichelewa anakopa, na riba inaanza kula. Katika vituo vya umma kuna jambo linaloumiza zaidi: zahanati zina upungufu wa watumishi, na wakati huohuo vijana waliohitimu udaktari wako nyumbani wakisubiri ajira, kwa kuwa bajeti haitoshi kuwaajiri.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu udanganyifu. Vipo vituo vinavyopeleka madai hewa kwa wagonjwa ambao hawakutibiwa. Wapo wanachama wanaomwazima ndugu kadi kwa huruma. Kila tukio la namna hiyo huufanya mfuko uongeze ukaguzi, na kila ukaguzi huongeza foleni. Anayesimama kwenye foleni hiyo ni mzee wa presha ambaye hakumdanganya mtu.

*Kwa ufupi: fedha inayochelewa, bei isiyolingana na gharama, na udanganyifu hugeuka kuwa rafu tupu, vipimo visivyo vya lazima na foleni ndefu.*

Walio nje ya upatu

Hadi hapa tumezungumza juu ya wenye kadi. Serikali ilipokuwa ikiandaa sheria mpya ya bima, makadirio yake yalikuwa kwamba takriban 15 kati ya kila Watanzania 100 ndio waliokuwa na bima ya afya. Waliobaki ni wengi: bodaboda, wavuvi, mama lishe, wakulima, vibarua. Wao hutegemea mfuko wa suruali, msamaha au mchango wa ndugu. Kila wiki simu zetu zinaingia ujumbe wa kuchangia matibabu ya mtu. Hiyo nayo ni bima, ila inaanza kukusanywa mgonjwa akiwa tayari kitandani, na mwenye ndugu maskini hukusanyiwa kidogo.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Shabaha yake ni kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wagharamiwe. Miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia ni ushuru wa bidhaa kama vinywaji baridi na pombe. Msingi huo ni sahihi, kwa sababu unaurudisha upatu kwa watu wote.

Majirani wana ya kutufunza. Rwanda, kwa bima yake ya jamii iitwayo Mutuelle de Santé, imefikia sehemu kubwa sana ya wananchi kwa kuzipanga kaya kulingana na uwezo na kuzilipia zile maskini kabisa. Kenya iliachana na NHIF yake ya tangu 1966, na Oktoba 2024 ikaanza mfumo mpya chini ya mamlaka iitwayo SHA. Huko mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kima cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Tangu ianze, hospitali binafsi zimelalamikia madeni ambayo hayajalipwa. Kwa Rwanda tunajifunza kumbeba asiye nacho. Kwa Kenya tunajifunza kwamba kubadili jina la mfuko hakulipi deni la hospitali.

Na tusisahau bajeti. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi, yetu ikiwemo, bado hazijaitimiza ahadi hiyo. Bima haiwezi kujenga maabara, kusomesha wauguzi na kununua magari ya wagonjwa peke yake. Hiyo ni kazi ya kodi.

Wewe ufanye nini

Mfumo haubadiliki kwa siku moja, lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwako leo:

- Jiunge ukiwa mzima. Akiba haiozi, na ya bima huenda ikamwokoa jirani kabla haijakuokoa wewe.
- Uliza kadi yako inatibu wapi, inaishia ngazi gani, na utaratibu wa rufaa ukoje.
- Kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu, soma ulichoandikiwa. Kama kipimo hukufanyiwa, kisiwepo.
- Dawa ikikosekana, muulize daktari kama ipo nyingine ya aina hiyo iliyomo kwenye kitita. Mara nyingi ipo.
- Kama huna uwezo kabisa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Msamaha ni haki iliyomo kwenye sera, usione haya.
- Kadi yako usimwazime mtu, hata ndugu. Msaidie akate yake.
- Kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, uliza dawa zilizokosekana mwezi uliopita, na kwa nini. Diwani na mbunge wakiulizwa kila mara, watajifunza kufuatilia.

Neno la mwisho

Nimemkumbuka shangazi kila nilipoandika ukurasa wa sura hii. Mwanawe alikwisha kuilipia dawa ile, kwa makato ya mshahara ya kila mwezi, miaka mingi. Siku ile shangazi akailipia tena, ng'ambo ya barabara, na hata hivyo akapata theluthi moja tu.

Kwa wanaosimamia mifuko hii, ombi langu ni mambo mawili: lipeni hospitali kwa wakati, na pangeni bei pamoja na wanaotibu na wanaotibiwa. Mkifanya hayo, daktari ataandika dawa inayofaa na mfamasia ataikuta kwenye rafu. Mgonjwa aliyechangia akiwa mzima hana deni. Anayedaiwa ni mfuko.